Masanduku ya Anselm, Makabati ya Humaidi

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Daktari Kasimiri katuita ofisini, mimi wa wodi ya wanawake na Anselm wa chumba cha kadi. Hospitali ichague, kikao ni Jumatatu ijayo. Ama tubaki na mpango wa Anselm—masanduku ya mninga aliyoyachonga mwenyewe, kadi za wagonjwa kijiji kwa kijiji. Ama tununue makabati ya chuma ya kampuni moja ya Dar, kila mgonjwa na namba yake. Mjumbe wa kampuni anafika kesho. Jina lake Humaidi. Mtoto wa ami yangu! Anselm akanitazama. Wallahi sikujua lolote.

Jumatano, 4 Septemba

Humaidi kafikia kwetu Kanyenye. Suruali pana miguuni, viatu vya soli nene. Mama hamwachi ainuke mezani. Leo kashinda chumba cha kadi, eti anapima nafasi ya makabati. Peke yake—Anselm alikuwa mkutano wa tawi la chama. Huko mwenyekiti kasema kujitegemea ni kutumia cha kwetu. Wauguzi wakiniona wananyamaza.

Anselm naye simwelewi. Nimemwomba anifundishe mpango wake. "Sista, utachoka bure," akasema. Kwa nini hataki mwingine ajue? Akiugua yeye, tufunge hospitali?

Ijumaa, 6 Septemba



Kaletwa mama mmoja, Paskazia. Kichomi, homa kali. Anselm akauliza kijiji. Mumewe akataja kijiji kipya—wamehamishwa Julai, nyumba yao ya Goweko imebomolewa. Kadi hakuna. Anselm akatafuta kwenye sanduku la Goweko. Hakuna. Daktari akaandika penisilini. Nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano, mgonjwa akanishika mkono. Sindano ya mwaka jana ilimwangusha, akasema. Alivimba mpaka koo.

Nikaacha. Daktari kabadili dawa. Na angekuwa hajitambui? Ningemwua kwa mkono wangu huu.

Jumamosi, 7 Septemba

Paskazia kanywa uji. Alhamdulillahi!

Anselm kanivuta chumba cha kadi, akafunga mlango. Anasema kadi ya Paskazia ilikuwapo, na aliifunga uzi mwekundu yeye mwenyewe, alama ya hatari.

"Mtu kaichukua, Sista Zeyana."

Hakutaja jina. Damu ikanipanda. Nikamwambia watu wanahamishwa, kadi zake zinachanganyikana, asitafute wa kumsingizia. Akainama.

"Labda nimeipoteza mimi," akasema. "Labda."

Nimerudi nyumbani na aibu. Shaka haijatoka.

Jumapili, 8 Septemba

Pilau mchana. Habari za wagonjwa siziingizi nyumbani, na jana sikusema neno. Humaidi anajipakulia, mara akanipa pole.

"Nasikia juzi mlinusurika, dada. Yule mama wa Goweko. Angekuwa na namba, yasingetokea."

Nikamuuliza kaambiwa na nani.

"Tabora mji mdogo. Halafu uzi mwekundu kwenye kadi yake—hospitali hiyo au fundi cherehani?"

Mama akacheka. Mimi nikarudisha tonge sahanini.

Habari za mgonjwa, sawa, wauguzi wana midomo. Lakini uzi wa kadi *yake*? Labda kaona nyuzi kwenye kadi nyingine, akabahatisha. Labda Anselm kamwambia mtu mwingine. Labda! Na hata kama ni mwizi, namba zake si mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama kanifuata jikoni. Kesho kwenye kikao nimsemee ndugu yangu vizuri. Mtu hamwachi wake, anasema.

Sasa alasiri. Humaidi kaenda msikitini, Mama kajilaza. Naandika haya chumba cha wageni, nimekaa kitandani kwake. Mkoba wake wa ngozi uko miguuni pangu. Nikiikuta kadi, nimemwangamiza mtoto wa ami. Nisipoikuta, nitakuwa mtu wa kupekua wageni, na Anselm nitamtazamaje?

Mikanda miwili. Mmoja nimeshaufungua.

Mlango wa uani unalia—Mama, au yeye—