Kwa Wakili Devotha Dominiko, Aliyeuliza Jina Kwanza

Haya yaliyoandikwa hapa, bibi yako aliambiwa na mzee Alois, Jumapili ya Matawi mwaka huu, watu walipokuwa wanatoka kanisani Kinole. Mzee Alois ndiye ambaye shamba lake linapakana na letu, ingawa anakaa ng'ambo ya mto. Kabla ya siku hiyo bibi yako hakuyajua. Wewe uliyajua, Devotha, na kesho mwaka unatimia tangu tukulaze pale juu, ubavuni kwa babu yako.

Wengi waliokuzika walikuwa watu wa mjini. Wao wanaijua ofisi yako, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati, njia ya Bigwa. Hukupokea kesi nyingi. Ukisema hii nitaiweza, uliiweza. Ukiona huna nafasi ulimwambia mtu palepale, ukamwelekeza kwa mwenzako, hukumshika ili tu awe wako. Hakuna aliyetoka mlangoni kwako bila kujua kesi yake inakwenda wapi tena na lini. Wazee wa milimani uliwasomea karatasi zao kwa Kiluguru, kisha ukawaambia, "Haya, sasa nieleze wewe," nao wakaeleza mpaka uridhike kwamba wameelewa.

Na Ijumaa uliwapigia wote simu. "Sina jipya, mzee wangu, ila nimeona nikuambie kwamba sina." Oscar, yule wakili kijana uliyemfundisha kazi, anasema mwanzoni aliona ni kuchezea vocha. Sasa ofisi iko mikononi mwake, na Ijumaa anapiga yeye.

Halafu lile swali lenu. Mtu hajakaa sawasawa, Editha karani wako keshamuuliza: "Unagombana na nani? Jina kwanza, habari baadaye." Watu walicheka. Mama mmoja wa sokoni akamjibu, "Dada, ukilisikia jina lake utahama mji!" Editha hakucheka, aliandika jina. Sababu ya swali hilo ulikuwa nayo wewe peke yako.

Shamba letu la juu ni la mama zake bibi yako. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama, kwa hiyo tangu ukiwa mdogo, ukija likizo kutoka Bigwa kwa baba yako, ulionyeshwa ile safu ya midalasini ukaambiwa, hii itakuwa yako. Sasa asubuhi moja mimea ya mpaka ikaonekana imehama. Midalasini yote imebaki upande wa mzee Alois. Bibi yako hakugombana na mtu. Alichuma machungwa, akajaza kikapu, akashuka mjini. Kila aliyemuuliza anakwenda wapi alijibiwa, "Kwa mjukuu wangu, wakili."

"Shikamoo, mke mwenzangu!" ukampokea kikapu huku unacheka. Lakini alipotaja tu mpaka na mzee Alois, kicheko kikakauka. Ulisimama mlangoni pa chumba chako, hukumwingiza.

"Bibi, hili siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nitakupeleka kwa Zuleha, nilisoma naye Mzumbe. Hodari sana."

"Nimetoka Kinole kuja kwa mtoto wa mwanangu, nipelekwe kwa Zuleha? Zuleha ni nani kwangu?"

"Bibi, usiniulize."

Ulimbebea kikapu mjini kote ukiwa na suti yako nyeusi. Mtu mmoja wa duka la simu akakutania, "Wakili, leo umehamia machungwa?" Uliongeza mwendo. Mlangoni kwa Zuleha ukasema, "Kuanzia leo habari za shamba usinipe, hata kwenye simu." Ukaondoka haraka, hukugeuka.

Zuleha alihangaika sana, hatuna la kumlaumu. Ila baraza la ardhi lilitaka shahidi aliyeona mimea ikihamishwa, na shahidi hakupatikana. Mpaka ukabaki pale ulipopelekwa. Bibi yako akawa anapita kando ya midalasini yake kama mpita njia.

Nawe uliendelea kupiga simu kila Jumapili jioni. Uliuliza goti, ukauliza mbuzi, ukauliza mvua na bati lile linalovuja. Shamba hukuuliza. Ulilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo. Bibi yako naye hakukuuliza, maana ni mtu wa kusubiri. Alijiambia, mtoto ana sababu zake, siku moja atazisema.

Krismasi ya mwisho ulikuja, mkalala kitanda kimoja kama zamani, wewe upande wa ukuta. Ulivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza neno.

"Nini, mama?"

"Hapana, bibi. Lala."

Masika yalipokuja, ukaugua. Watu wa ofisini walidhani ni homa tu. Bibi yako alifika hospitali ukiwa hufungui tena macho.

Tangu hapo, Jumapili jioni simu inawekwa dirishani, panaposhika mtandao. Bibi yako anajua haitalia, ila hana mahali pengine pa kuiweka. Anapika ugali wa mtu mmoja. Majirani wanakuja, wanasema pole, wanakwenda kwao. Lililomkalia moyoni hakuweza kumwambia mtu: labda mjukuu huyu anayemlilia alikuwa ameshamwacha, siku ile ya kikapu.

Ndipo ikafika Jumapili ya Matawi.

"Mama Anastasia, simama kidogo," mzee Alois alisema.

"Nimesimama, mzee."

"Yule mtoto hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Mzee alikuwa na tawi lake mkononi, akawa analichana vipande vipande. "Mimi nilikutangulia kwake. Niliogopa utanishtaki, nikatafuta wakili. Kwamba ni mjukuu wako sikujua. Mvua ilikuwa imeninyeshea, karani wake hayupo, akanipa chai mwenyewe. Nikamweleza yote. Nikasema jirani yangu, jirani yangu. Unatujua sisi wazee, mtu unayemheshimu humtaji jina ukiwa unamsema. Nikamwambia hata kwamba mimea niliihamisha mimi, kwa mikono hii. Mwishoni akauliza, huyo jirani ni nani? Nikakutaja."

"Akasemaje?"

"Aliweka kikombe chini. Akasema, 'Mzee, siwezi kukutetea, huyo ni bibi yangu. Lakini uliyoniambia yameishia hapa.' Sikumwamini, Mama Anastasia. Kila siku ya baraza nilitazama mlango nikijua leo ataingia aniumbue. Hakuingia. Neno lake moja tu lingenimaliza."

Bibi yako alitembea mpaka nyumbani, akakaa jikoni, hakuwasha moto.

Tuseme ukweli, alikasirika. Ulijua ana haki, ukanyamaza, naye akashindwa mbele ya watu. Alikaa na hasira hiyo siku kadhaa, akipalilia maharage kwa jembe zito kuliko ilivyohitajika. Halafu akakumbuka ulivyokishika kile kikapu, kwa mikono miwili, umekibana kifuani kama mtoto mgonjwa. Akakumbuka ile pumzi ya Krismasi. Kumbe mlikuwa wawili kitandani mle, kila mmoja peke yake, na wewe ulikuwa na mzigo mkubwa zaidi. Mzee huyo alikuletea siri yake kwa sababu kwenye mlango wako pameandikwa wakili. Ungeitoa kwa ajili ya bibi yako, nani tena angekaa kwenye benchi la ofisini kwako akasema la moyoni?

Hayo bibi yako ameyafikiria mwenyewe. Angependa kukuambia, na Jumapili simu iko pale dirishani.

Editha amefika leo kwa ajili ya misa. Alipoulizwa habari za siku ile ya mzee Alois, akakumbuka. "Bibi, nilikuwa nimekwenda kliniki. Niliporudi kesho yake akaniambia, 'Editha, tumekosea. Kuanzia leo jina kwanza.' Tumekosea nini hakusema. Mpaka leo ndiyo nasikia."

Mzee Alois amerudisha mimea ya mpaka. Alikuja Jumamosi na mwanawe, akaing'oa na kuipanda ilipokuwa. Midalasini imerudi nyumbani. Tumeimenya kidogo, chai ya wageni kesho itanukia ya kwako.

Kabla ya kuandika haya, bibi yako alivuka mto mpaka kwake.

"Mzee, yale uliyoniambia, nina ruhusa kuyaandika yasomwe kanisani?"

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwamba alipenda machungwa."

Mzee akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema, "Yasomwe, Mama Anastasia. Nitakaa benchi la mbele wanione."

Kwa hiyo yatasomwa kesho, baada ya misa yako. Wanaokukumbuka ni mama yako Anastasia, baba yako Dominiko, kaka yako Joseph na mkewe Ester, shangazi yako Josephina, Oscar na Editha wa ofisini kwako, rafiki yako Zuleha, na bibi yako, mke mwenzako. Katika nyumba hii, siku zote, jina lako ndilo litakalotajwa kwanza.

Wageni wamelala, mama yako naye amelala. Editha kapewa upande wa ukuta, pale pako. Amegeuka, usingizi umeshamchukua nusu.

"Bibi, bado unaandika?"

"Nimemaliza, mama. Lala."

Amelala. Bibi yako anazima taa, naye analala.