Kibao cha Baba cha Herufi Kubwa

Alhamisi. Ukungu umekaa juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Wiki tatu zilizopita, kwenye maonyesho hapa Machakos, mama mmoja mwenye duka la zawadi Nairobi alisimama mbele ya meza yetu. Akamshika twiga aliyechongwa na Baba, akamgeuza mara mbili, akasema anataka wengi wa kuuza dukani kwake na atatuandikia. Akakipiga picha kibao chetu chenye anwani ya barua pepe, akaenda zake.

Kibao hicho Baba alikichonga mwenyewe kule nyumbani Wamunyu. Nilikuwa nimemwandikia anwani kwa herufi ndogo. Yeye akachonga zote kubwa, kwa sababu zina mistari iliyonyooka na hazisumbui patasi.

Barua haikuja.

Kila siku nafungua simu kabla ya kunawa uso. Hakuna kitu. Jumapili nikampigia Baba na kumwambia, kwa ukali ambao sasa unanichoma, kwamba herufi zake kubwa zimezuia barua kufika na kutupotezea mteja. "Si ungeniambia mapema, mama? Wacha nitoe hizo, nichonge upya."

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kile kibao kilimchukua wiki nzima.

Leo mchana nikamweleza dada anayehudumu pale saiba, kwenye duka la intaneti. Akaniambia nijitumie barua, anwani yote kwa herufi kubwa. Ikaingia papo hapo. Akasema sehemu inayofuata alama ya @ haijali kubwa wala ndogo, na ile ya mbele, karibu kampuni zote siku hizi hazijali pia.

Ningepaswa kufurahi. Lakini sikufurahi.

Kama barua ingefika, basi yule mama hakuandika. Nadhani nilijua. Ilikuwa rahisi kumlaumu Baba kuliko kukubali kwamba mtu alimgeuza twiga wake mara mbili, kisha akamsahau.

Nimempigia Baba mara nne, simu imezimwa. Akiwa kazini huizima. Huenda sasa hivi ameinama juu ya ubao, anazipiga randa zile herufi.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho napanda gari la kwanza la Wamunyu nikamwambie kosa halikuwa lake. Nikikuta hajazifuta, kibao nitakitundika mlangoni kwangu.

Lakini akiniuliza, "Sasa yule mteja je?" nitamjibu nini?