Shika Mji, Raya

Raya, shoga yangu,

Hali sikuulizi. Nakuletea habari tu: kesho waya zetu zinakatwa. Mtu wa tawi la chama kapita kichochoroni, katazama juu, kamuuliza baba waya tatu zile kutoka dirisha letu hadi lenu za nini. Baba kamwambia mchezo wa watoto wa skuli. Yule bwana akacheka, baba hakucheka. Kaniamrisha asubuhi nizitoe.

Unakumbuka mwalimu wa sayansi na Kiingereza chake, alivyotufunza kuwasha kitaa kwa betri za tochi na bati la kopo la maziwa la kubonyeza? Wenzetu waliridhika taa ikiwaka na kuzima. Wewe ukasema hii yetu ifunzwe maneno. Mara moja, "tega". Mara mbili, "ndiyo". Ikikawia kuzima, "siyo". Mara tatu, "nimeshindwa, shika mji". Vitendawili na majibu tukiandika kwenye vibao vyetu vya chuo cha Kurani na kuvionyesha dirishani, maana mama hataki sauti yangu isikike njiani. Nikibonyeza kwangu, kinawaka kitaa changu na chako pamoja.

Miji yangu yote uliila. Mombasa, Bombei, Kairo. "Nimekwenda Mombasa, nimekula mkate wa mofa, wewe hukualikwa." Mchokozi wewe.

Kitendawili chako cha mwisho bado kinanikaba: "Kila siku anatoka, na mlango hajauvuka." Niliandika moshi, taa ikakataa. Nikaandika harufu ya papa wa mama, ukacheka mpaka ukaangusha kibao. Mji sikukupa, nilisema nitafikiri. Kisha homa ikakuchukua.

Sasa nikwambie jambo, naona haya. Siku ile walifungua mlango wenu mbawa zote mbili kulipitisha jeneza lako, nami niko dirishani. Nililia, wallahi. Lakini ndani ya kilio mlikuwa na wivu. Wewe umetoka. Kisiwani hatoki mtu bila ya ruhusa, na mimi hata barazani sifiki. Skuli baba kasema basi, nshakuwa mkubwa.

Tangu siku ile sijabonyeza. Niliogopa kitaa chako kuwaka chumbani hamna mtu.

Leo baada ya alasiri nimebonyeza. Mara tatu, polepole. Nimeshindwa, Raya.

Nikakaa. Kisha kitaa changu kikawaka. Kikazima, kikawaka, kikazima, ovyo ovyo, hata sikuweza kuhesabu. Nikachungulia. Mama yako amekaa kitandani pako, kidole juu ya bati, anakitazama kitaa chako. Lugha yetu haijui. Halikuwa neno lolote tulilolipanga, nami nilimjibu vivyo hivyo, mpaka betri zikachoka.

Kesho nitazikata mwenyewe, asizikate mwengine. Mama yako nitamtafutia njia nyengine, nakuahidi, hata kama ni kupunga kanga dirishani kila alasiri.

Sina mji uliobaki ila huu niliofungiwa. Shika Unguja. Nenda kaule wote, na vichochoro vyake, kisha unambie jibu.

Mwenzio wa dirishani,
Salma