Nafasi Iliyo Wazi Mbele ya Jina la Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Sitasubiri uitikie marahaba, maana leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Arobaini yako ilipopita nilitoka Kilosa kuja Mikumi kuchukua madaftari yako. Nilishapanga kila kitu. Pale steshenari ninapofanya kazi, nikimaliza kazi za wateja niwe nachapa yako, ukurasa mmoja mmoja, mpaka yatoke kitabu. Nikamuuliza mama yalipo. Akanionyesha beseni la karanga. Ameyachana, baba, akafungia karanga anazouza kituo cha mabasi. Yale uliyoandika kuhusu magonjwa ya kuku, yale ya namna ya kusoma hati ya shamba kabla hujatia dole gumba, yote abiria wa Iringa wameyatupa dirishani na maganda.

Nilimfokea mama. Ndiyo, mimi binti yako, nilimfokea mama yangu ndani ya eda. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akasema taratibu, “Ningejuaje, mwanangu? Kwangu mimi yote ni karatasi.”

Hapo ndipo hasira ilipohama kwake ikaja kwako.

Maana mimi naukumbuka ule ua wa gesti ulikofanya kazi. Wewe mfua mashuka, uliyeishia darasa la nne kule Rudewa kwenye mkonge, ulisoma kila kilichosahauliwa vyumbani: kitabu cha injini, cha nyuki, cha sheria, hata vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa. Usipojua neno uliliandika kiganjani, ukamvizia mgeni anayeonekana msomi akitoka kuoga, ukamuuliza. Nilikuwa natamani ardhi inimeze. Alasiri, mashuka yakiwa kambani, ulikaa katikati yake na wanafunzi wako, mama ntilie na mautingo wa malori, na ule mlango mbovu ulioupaka masizi ndio ukawa ubao. Nilipofeli kidato cha nne nikalia siku mbili, ulinishika mkono ukanikalisha hapo hapo. “Mtihani umeisha, kusoma hakujaisha,” ulisema. Nikarudia kama mtahiniwa binafsi, nikafaulu. Hilo sikunyimi, baba.

Na kanuni yako ilikuwa moja, hukuwahi kuilegeza hata kwa mtu wa kumwamkia. Ukijifunza kitu, kamfundishe mtu mmoja, umlete asikilizwe, ndipo upewe kingine. Utingo mmoja alimleta dereva wake, mtu mzima mwenye kitambi, akasimama mbele yetu akasoma ba be bi huku jasho likimtoka. Ulitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Mama alikuwa wapi siku hiyo? Hatua nne tu kutoka pale, mikono kwenye povu, akifua fungu lako la mashuka ili wewe upate nafasi ya kufundisha. Wote tulimwona. Hakuna aliyemwita, na mimi nimo.

Nilipopoa nilimwomba radhi, nikamuuliza mbona hakuwahi kuja kukaa na wenzake. Akasema alitaka sana. Ila kila siku aliisikia ile kanuni yako akiwa kwenye beseni, akajiuliza yeye atamleta nani, maana wanawake wote wa kituoni ulikuwa umeshawafundisha wewe. Akawaza ipo siku utamwambia yeye aje tu, bila masharti. Akasubiri. Miaka yote hiyo, baba, alisubiri anafua.

Lilikuwa limebaki daftari moja, chini ya godoro, lile la majina. Kila mwanafunzi umemwandika, na mbele yake jina la mtu ambaye mwanafunzi huyo alimfundisha. Nikalifungua. Jina la kwanza kabisa, juu ya mautingo na mama ntilie wote, ni la mama. Na mbele yake pako wazi.

Kumbe ulimwandika! Ukamwachia nafasi, ukanyamaza, ukangoja aje mwenyewe. Jamani, baba. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu anamsubiri mwenzake aanze kusema. Mtu aliyeweza kumsimamisha mgeni na taulo kiunoni amuulize maana ya neno, alishindwa kumuuliza mke wake swali moja. Nimelichapa neno “elimu” mara nyingi kwenye kazi za watu, na tangu siku hiyo kila nikilichapa nakasirika upya.

Basi kanuni yako nimeivunja. Kila Jumapili napanda basi kutoka Kilosa, namfundisha mama bila sharti lolote. Si mwanafunzi rahisi. Akikosea ananuna, akipatia anajidai, na nikimharakisha ananiambia nimerithi kiherehere cha baba yangu. Lakini haachi.

Juzi nilimwekea lile daftari mbele yake. Akapitisha kidole chini ya jina lake, herufi moja moja, akalisoma lote. Halafu akauliza mbona mbele yake hapana kitu, nikamweleza pale huandikwa nani. Akaniomba kalamu. Akaandika polepole sana, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, mpaka nikaona ni jina langu.

Nikamwambia, “Lakini mama, mimi ndiye ninayekufundisha wewe.”

Hakuinua hata macho. “Na kuongea,” akasema, “nani alikufundisha?”

Jibu alikuwa nalo siku zote, baba. Ungemuuliza tu.

Binti yako,
mwanafunzi wa mama