Cha Kupakata

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti linasemaje na baridi hii? Na ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama betri mbovu, bado unaipaka au umeshaificha nyuma ya kabati? Huku sisi ni wazima. Mkweo anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu sasa hivi anasoma ninachoandika, nami nimemwambia aende akachome vyuma vyake.

Kifurushi kimefika salama. Shali nimeiona, kofia nimeiona, na zile soksi ambazo hata kidole gumba changu hakiingii. Nimeona pia ulivyoandika juu ya boksi kwamba nisiinue ndoo. Sasa mama, kaa vizuri, vaa miwani, uisome barua hii kwa mpango, maana nakujua, wewe hupenda kuanzia mwisho. Nisikuzungushe: sina mimba. Habari aliyokuletea shangazi iliondoka hapa kwetu ikiwa na maana nyingine kabisa. Najua umeshawaambia wenzako wa kikundi cha kufuma, na najua wapo waliokuwa wakikuuliza tangu niolewe, huku wakijitia hamnazo. Ndiyo maana sikupiga simu. Nikipiga simu nyumbani kwako, shangazi huiweka sauti ya juu hata majirani wakachangia. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na ukimaliza kucheka kuna jambo lingine nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka nilikuambia nimechoka kufua na kukunja mashuka ya hospitali. Basi, nimepata nafasi ya kusoma chuoni. Ni masomo gani, nitafika huko, usiniharakishe. Asubuhi naingia kufua, mchana naingia darasani, na chuo kimesema kila mwanafunzi aje na kompyuta yake, kwa sababu nusu ya masomo wanayatuma kwa mtandao. Mkweo aliposikia kompyuta inaingia ndani, alifurahi kuliko mimi niliyepata chuo. Alianza kutaja timu zote atakazoziangalia na filamu zote alizosimuliwa karakana akashindwa kuchangia. Nikamkumbusha kwamba anayekwenda shule ni mimi. Akasema hewala, lakini na yeye atakuwa anasoma, atakuwa anasoma mchezo.

Tulikwenda kuichagua siku yangu ya mapumziko. Duka ni jembamba, kompyuta zimepangwa ukutani zimeachama midomo, na mlangoni pameandikwa kwa herufi kubwa KOMPYUTA MPAKATO. Mkweo akasimama pale nje akauliza mpakato ndiyo nini. Muuzaji, mwanamke mwenye kucha ndefu ambazo sijui huandika nazo vipi, akamweleza kwamba ni kompyuta ya kupakata, unaiweka mapajani kama mtoto. Mkweo akalipenda neno hilo papo hapo. Tangu siku hiyo kwake si kompyuta tena, ni cha kupakata tu. Shika hapo mama, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Muuzaji akatuuliza tunataka ya shule au ya burudani. Mimi nikasema ya shule, yeye akasema ya burudani, na maneno yakatoka kwa pamoja kama tumeyafanyia mazoezi. Yule mama akacheka, akasema wenye ndoa wote huja hivyo. Kila tulichomuuliza alijibu kwamba inategemea na matumizi. Ipi itadumu? Inategemea na matumizi. Ipi ina kasi? Inategemea na matumizi. Akatuuliza tunataka yenye kumbukumbu kiasi gani, mkweo akamwambia asijisumbue na kumbukumbu, mkewe anazo za kutosha, anakumbuka hata aliyoyasema kabla hajatoa posa. Nilimkanyaga mguu kimyakimya, akaendelea kutabasamu.

Yeye aliishikilia moja kubwa nyeusi. Kioo chake kipana kama dirisha, na spika zake ukiziwasha jirani ananyanyuka kushangilia goli ambalo halioni. Mimi niliipenda moja ndogo ya kijivu. Niliomba kigoda, nikaipakata pale pale dukani, nikajaribu kuandika jina langu. Vibonye vyake ni laini, nayo ni nyepesi, naweza kuibeba na begi la chakula kutoka chumba cha kufulia hadi chuoni bila bega kulalamika. Tena chaji yake hukaa, umeme ukikatika huachi sentensi katikati. Ikawa ngoma droo. Yeye hataki kusikia ya kijivu, mimi hata kuigusa nyeusi sitaki, na muuzaji ameegemea meza anasubiri ndoa ivunjike ili auze mbili.

Kilichotuokoa ni ufundi wa mkweo. Unamjua, hawezi kupita kwenye geti la mtu bila kulitikisa. Akaanza kuikagua ile nyeusi kama anavyokagua mlango wa chuma. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena huku ameinamisha sikio. Muuzaji akaanza kuona wasiwasi. Mwisho uso ukamshuka. Akaniambia kwa masikitiko kwamba bawaba ya upande mmoja ina mchezo, na kioo kizito hivyo juu ya bawaba kama ile ni dhambi, fundi aliyeifunga angekuwa karakana kwake angemfukuza. Akaigeukia ya kijivu, akaifungua na kuifunga. Ikatii. Roho ilimuuma, nilimwona, lakini ufundi ukamshinda. Akasema tuchukue hii, ila Jumamosi ni ya kwake. Nami nikakubali.

Tulipofika nyumbani akataka kukupa habari, simu yako ikawa imezimwa. Akampigia shangazi. Mama, nilikuwepo nasikia kwa masikio yangu. Alisema hivi, mwambie mama tumepata cha kupakata. Ni chepesi, hakisumbui, ukikifunika kinalala, ukikifunua kinaamka, na mwanawe tangu kifike hataki mtu mwingine akiguse. Sasa mtu akisikia hivyo atawaza kompyuta? Atawaza kichanga tu, na kwa kuwa anajua sijazaa, atasema nina mimba! Na shangazi ni yule yule, habari ikimfikia na mguu mmoja huondoka na minne. Mkweo alipokata simu alisema shangazi amefurahi mpaka amelia. Tukashangaa kidogo kwamba shangazi anathamini elimu kiasi hicho, tukaendelea na mambo yetu.

Kifurushi chako kilipokuja ndipo tulipoelewa. Tulicheka, mama, sikudanganyi. Mkweo aliivaa ile kofia kwenye kidole akaisemesha. Halafu nikaikunjua shali, nikaona ukingo wake umeufuma kwa ule mtindo wa mawimbi, ule uliokataa kumfumia mtu yeyote mpaka apatikane mjukuu kutoka kwangu. Kicheko kikanikauka. Mkweo akaivua kofia, akaikunja, akairudisha mahali pake. Shali tukailaza juu ya kabati, na kila mmoja wetu akawa anapita akiitazama kama mgeni ambaye hajaulizwa shida yake. Tulitaka kukupigia, tukasema kesho. Kesho ikawa inajizaa.

Ikafika Jumamosi. Mkweo aliwaalika wenzake wa karakana waje waangalie filamu ya mapigano ambayo mmoja wao alimwekea kwenye flashi. Mafundi wanne wakubwa wamebanana kwenye kochi letu, wamenawa mikono lakini bado wananuka moshi wa vyuma, kila mmoja na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa jikoni. Kilichotokea ni kwamba kulikuwa na flashi mbili pale mezani, na ya pili ilikuwa yangu ya masomo. Mkweo akachomeka hiyo hiyo, akaongeza sauti.

Nilisikia mwanamke anaguna. Nikasikia fundi mmoja anawaeleza wenzake kwa uhakika kwamba maharamia wamemteka huyo, subirini mtaona mumewe akija kulipiza kisasi. Mwanamke akazidi kuguna, hakuna mume wala bunduki. Nilipotoka mbio nikakuta kikombe kimoja kiko chini, fundi wa rangi ameficha uso kwa mto, na mwingine anauliza mlango uko wapi wakati ameingilia huo huo. Nikanyoosha mkono nizime. Mkweo akanizuia. Mama, uso wake ulikuwa umelowa jasho, lakini akasema hapana, haiwezekani kumwacha mwanamke wa watu katikati namna ile, tumeanza naye, tumalize naye. Wakakaa. Mtoto alipotoka na kulia, wale wanaume wanne walisimama wakapiga makofi, na aliyeficha uso alikuwa anafuta machozi na ule mto wangu.

Ndiyo mama, ni ukunga. Ndiyo masomo yenyewe. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi ndiye aliyenisukuma, anasema siku nyingi ananiona nikija kuchukua mashuka, nakuta mama amezidiwa, naweka kapu chini namshika mkono, na mikono kama hiyo si ya kuishia kwenye sabuni.

Wageni walipoondoka, mkweo alikuja kunisaidia kuosha vikombe, jambo ambalo ungeliona ungeliandika ukutani. Akaniuliza yule mtoto aliyezaliwa, wa kwanza kumpakata alikuwa nani. Nikamwambia ni mkunga. Akauliza, kabla ya mama yake? Nikamwambia kabla ya mama yake, kabla ya baba, kabla ya bibi, kabla ya mtu yeyote duniani. Akaendelea kufuta kikombe ambacho kilishakauka. Akasema kumbe shangazi hakukosea sana.

Basi lile jambo lingine ni hili. Mama, si kwamba sina mimba sasa hivi tu. Daktari ametupima sote wawili, akatuketisha, akatueleza kwa upole kwamba mimi sitazaa. Si dawa, si kusubiri, si kubadilisha hospitali. Mkweo alisema pale pale mbele ya daktari kwamba alinioa mimi, hakuoa watoto, na hajabadilika hata chembe mpaka leo. Siku ile nilirudi kazini nikalia ndani ya mashuka, na mkunga mkuu ndiye aliyenikuta. Sikukuambia kwa sababu sikujua nitaanzaje, na kwa sababu niliogopa kuusikia moyo wako ukivunjika kwenye simu. Shali yako ndiyo iliyonibana. Siwezi kukaa na shali ya mjukuu kabatini huku wewe unahesabu miezi.

Nalia ninapoandika hapa, nawe utalia, tulie tumalize. Lakini usinionee huruma, mama. Watu watasema nimechagua ukunga kwa uchungu. Waache waseme, uchungu ndiyo kazi yenyewe. Mimi najijua. Nikiwa darasani nasahau kula. Jana mwalimu alituuliza swali, nikajibu mpaka mwenyewe nikashangaa sauti ile imetoka wapi. Hii si kazi niliyoiokota kwa kukosa nyingine. Ninaipenda.

Kwa hiyo nina ombi. Shali usinidai. Nataka uniruhusu niitunze mpaka siku nitakayompokea mtoto wa kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, nimfunike nayo, awe wa nani awe, aende nayo kwao. Na wenzako wa kikundi wakikuuliza, usiinamishe kichwa. Waambie mwanao anatarajia, tena wengi, na kama wanaona wivu wachukue sindano wafume, maana shali moja haitatosha. Ila shangazi usimwambie hivyo hivyo, asije akatangaza kwamba ni mapacha.

Barua hii nimeiandika kwa kile kile cha kupakata, nimekipakata hapa kitandani. Kizuri sana, ila hakijui Kiswahili, kila neno ninaloandika kinalipigia mstari mwekundu. Hata neno mama kimelipigia. Nimekiacha kama kilivyo, kitazoea.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shangazi mwambie simdai kitu, nampenda. Mkweo anasema akija huko ataitazama bawaba ya mlango wako wa jikoni, na anaomba kofia ya ukubwa wake. Goti lipake dawa hata kama inanuka. Ukimaliza kusoma nipigie, lakini kwanza mtume shangazi sokoni.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kitindamimba wako.