Alichonitafsiria Xiomara

Mdogo wangu Delmy,

Pokea salamu zangu kutoka Boston, ambako theluji imeyeyuka na magoti yangu yananishukuru. Mimi mzima. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na yule jogoo mkorofi, bado hamjamla tu?

Delmy, dada yako sasa anaongea Kiingereza, usicheke! Nikimaliza kufua mashuka ya hoteli nashuka chumba cha chini cha kanisa, kwa mwalimu wetu Bi Prewitt. Msimu huu tunasoma vile vitenzi vyao vyenye mkia. Neno unalijua, wanalichomekea kijineno nyuma, linakuwa jingine kabisa. Wenzangu wanahangaika kuvichambua, mimi navimeza vyote pamoja, kama pupusa ya mahindi na kachumbari yake. Darasani hakuna anayenifikia, sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kwa mfano, “turn down” ni kukataa unachopewa. Tulipoambiwa tutunge sentensi za maisha yetu, nikasimama nikasema kwamba nime-“turn down” Porfirio, mpishi wa hotelini aliyetaka kunipeleka dansi. Watu wakaangua kicheko, maana Porfirio mwenyewe alikuwa nyuma yangu! Akajibu kwamba yeye hata-“give up”, yaani hakati tamaa ng'o.

Sababu ya kusoma unaijua. Huku watoto ndio midomo yetu. Tangu akiwa mdogo Xiomara ananisemea kliniki, benki, kwa mwenye nyumba. Sasa anamaliza shule, na chuo cha uuguzi alichoomba kiko mbali. Nilitaka binti yangu aende bila kugeuka nyuma kuniangalia.

Wiki iliyopita tukaitwa shuleni. Bwana Haskins, mshauri wa wanafunzi, alizungumza akitikisa kichwa. Xiomara akanigeukia, uso mkavu, akanitafsiria kwamba chuo bado hakijajibu, tuvute subira. Lakini mimi nilishalisikia kwa Bwana Haskins lile neno langu la Porfirio, “turn down”. Mwanangu alipewa nafasi, akaikataa!

Nikamuuliza Bwana Haskins, kwa Kiingereza changu cha kanisani, kama nafasi ile ameshapewa mtu mwingine. Xiomara akanikodolea macho kana kwamba jiwe limesema. Bwana Haskins akasema atawauliza.

Nyumbani nilimwambia, mtoto niliyemkabidhi mdomo wangu ananidanganya nikiwa nimekaa palepale? Akalia. Akasema ni mama mdogo Delmy aliyempigia simu, akamwambia, “Ukiondoka, mama yako atabaki bubu, atazubaa kama kuku sokoni.”

Wewe, Delmy! Wewe uliyekuwa ukiniuliza kila Jumapili kama chuo kimejibu, huku unajua. Ukaniahidi hata kuniwashia mshumaa kanisani. Xiomara ni mtoto, alinionea huruma. Wewe tumelala kitanda kimoja miaka yote ile, ukashindwa kuniambia mimi mwenyewe? Hilo ndilo linaloniuma, hata shuka nakunja mara mbili mbili bila kujua.

Nafasi ilikuwa bado ipo. Anaondoka Agosti. Waambie majirani wote, Xiomara wangu atakuwa muuguzi.

Sikupigi simu, maana ukianza kulia nitalainika, na bado sitaki kulainika. Mshike mama mikono kwa niaba yangu, wabusu watoto. Wewe nitakusalimia moyo ukipoa.

Dada yako,
Etelvina, yule bubu.