Sauti Imerudi, Dada

Mpendwa dada,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Itikia huko uliko, nami nitahesabu kwamba nimesikia. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo, na safari hii neno hilo naliandika bila kulitia chumvi.

Najua umepiga simu mara nyingi, ukapokelewa na wifi yako, ukadhani nimekununia. Sivyo. Daktari alinikataza kusema, hata kunong'ona, ndiyo maana hukunisikia. Ule mkwaruzo wa koo ulioniambia niutibu kwa asali haukuwa mafua. Walikuta uvimbe. Hatukukuambia mapema kwa sababu tunakujua: ungefunga safari na magoti hayohayo.

Fikiria, mimi katekista, mtu wa kuongoza rozari tangu ujana, ambaye paroko akiharibikiwa na kipaza sauti ananiita mimi. Sauti ndiyo ilikuwa jembe langu. Asubuhi ya upasuaji nilishika rozari kitandani nikaanza Salamu Maria moyoni. Haikufika popote. Maneno ninayoyajua kuliko jina langu yalinitoroka, nikabaki na shanga tu mkononi. Nikajiuliza kama niliwahi kuwa na imani, au nilikuwa na koo zuri tu.

Kitanda cha pili alilala dereva wa lori mstaafu, naye akisubiri zamu yake ya kupasuliwa. Alikuwa anasali rozari kwa sauti, tena vibaya, dada. Ijumaa, siku ya matendo ya uchungu, yeye yuko kwenye matendo ya utukufu. Baba Yetu anairuka, halafu anairudia mbele ya safari kama aliyesahau abiria kituoni. Nilitamani kumsahihisha, koo likakataa. Kisha katikati ya Salamu Maria akasimama, akasema kwa sauti ileile: "Mama, huyu jirani yangu asiye na sauti anaogopa. Na mimi naogopa. Tuangalie sote wawili." Akaendelea pale alipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia. Machozi yakiwa bado yanatoka, nikaona midomo yangu inamfuata, shanga kwa shanga, pamoja na makosa yake. Walionijia na kitanda cha magurudumu walinikuta hivyo.

Majibu aliyapokea wifi yako. Daktari alimwambia si ule ugonjwa tuliouogopa, na kwamba uvimbe umetolewa wote. Aliingia wodini, akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akapitiwa na usingizi kabla hajaniambia lolote. Nilijua ni habari njema kwa jinsi alivyokoroma.

Nyumbani sasa yeye ndiye anayeongoza sala. Anakwenda taratibu, na baada ya kila tendo ananyamaza mpaka watoto wanatazamana. Nilimwandikia kwenye ubao wa watoto, nikauliza kama amesahau. Akasema hajasahau, anamweleza Mungu habari za watu. Akaongeza, bila hasira, kwamba siku zote mimi nasali kama mtu anayewahi basi, naye huitikia tu, halafu huenda jikoni kusali kwa mwendo wake. Nilicheka mpaka koo likaniuma.

Usidhani nimeamua kuiacha rozari. Nilijaribu kukaa kimya mbele za Mungu bila neno lolote, na punde si punde nikawa nawaza paa linalovuja. Nahitaji yale maneno yanishike mkono. Ila sasa sitaki yanipite njiani.

Nikuambie basi jambo ambalo hata paroko hajui. Sauti imerudi. Daktari aliniruhusu kusema tangu juma lililopita, nami nimeendelea kunyamaza, maana najua nikifungua mdomo tu nitarudishwa mbele. Jumapili nilikaa benchi la nyuma na wifi yako. Kabla ya komunyo watu wakasema, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu," nikajikuta nimesema nao, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Maneno hayo nimeyaongoza miaka nenda rudi. Siku hiyo nilikuwa namwambia Yeye. Wifi yako alinikanyaga mguu, akaendelea kutazama mbele, lakini niliona shavu lake limelowa.

Kwa hiyo zile sala za kumbukumbu ya mama ulizotaka niziongoze: nitakuja, lakini ongoza wewe. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikajifunza ishara ya msalaba. Mimi nitaitikia, na ukinyamaza katikati sitakuharakisha. Paroko nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Msalimie shemeji. Watoto wanakuamkia shangazi yao, na wifi yako anasema sasa unaweza kupiga simu, nitapokea mimi. Amani ya Bwana ikae nawe.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho